Jenerali Aliyefanywa Mgambo: Percy Hobart na Vifaru Vyake

Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita kwenye kikao chetu cha wasomaji wa historia. Mvua iliwazuia wengi, nao wameniomba niiandike. Nimeiandika kama nilivyoisema, ila picha za ukutani nimeziacha.

Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Walimu wenzangu, hamjambo. Na ninyi vijana wa ufundi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, karibuni sana. Nusu ya maneno yangu ya leo nimewaletea ninyi.

Naomba twende wote hadi kijiji kimoja cha Uingereza kiitwacho Chipping Campden, katikati ya mwaka 1940. Ufaransa imeanguka. Jeshi la Uingereza limeokolewa kwa meli na mashua kutoka Dunkirk, limeacha nyuma karibu vifaru vyake vyote na mizinga yake. Watu wanaamini Wajerumani watavuka bahari siku yoyote. Kila kijiji kimeunda mgambo wake, wakulima na wenye maduka na wazee wa vita vilivyopita. Katika mgambo wa Chipping Campden yumo mwanamume mmoja wa miaka 55, mwenye miwani. Cheo chake ni koplo usu.

Ndugu zangu, koplo usu huyo miezi michache nyuma alikuwa meja jenerali. Alikuwa ameilea kwa mikono yake divisheni nzima ya vifaru huko Misri. Ukiwahesabu Waingereza waliojua kufundisha askari wa vifaru, ungeanza na yeye. Nchi yake iko kwenye ukingo wa kumezwa, na yeye amepewa kulinda kijiji.

Jina lake ni Percy Hobart. Ilikuwaje hata jeshi likamtupa mtu kama huyu? Na yeye, alipookotwa, alifanya nini?

Alizaliwa tarehe 14 Juni 1885 huko Naini Tal, kaskazini mwa India, ambako baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Mama yake alitoka Ireland. Alisoma chuo cha kijeshi cha Woolwich, na mwaka 1904 akawa ofisa wa wahandisi wa jeshi. Vijana, lishikeni hilo. Kabla hajawa mtu wa vifaru alikuwa fundi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa madaraja, barabara, mitaro, baruti. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta akiwa India na wahandisi wa Bengal, akaenda nao Ufaransa, akapata nishani yake ya kwanza Neuve Chapelle mwaka 1915. Kutoka hapo akapelekwa Mesopotamia, nchi tunayoiita leo Iraki.

Na huko kuna kisa ambacho nikikisoma huwa nakirudia. Machi 1918, kwenye mapigano ya Khan Baghdadi kando ya mto Furati, Hobart alipanda ndege kwenda kuangalia adui amejipangaje. Ndege ikatunguliwa. Yeye na rubani wakakamatwa na Waturuki, wakaanza kupelekwa mbali, njia ya Aleppo. Mtu aliyechukuliwa mateka jangwani namna ile, nani angemfuata? Farasi wasingefika. Askari wa miguu ndio kabisa. Waliomfuata ni madereva wa magari machache ya deraya. Walikimbiza msafara ule kwenye barabara ya vumbi hadi wakaupata, wakawakomboa mateka wote wawili, wakarudi nao.

Maisha yake yaliokolewa na injini na chuma. Miaka mitano baadaye, mwaka 1923, akaacha wahandisi na kujiunga na Kikosi cha Vifaru kwa hiari yake. Wengi walimwona amejipoteza. Jeshi la Uingereza wakati ule lilikuwa linapunguzwa, fedha hazipo, na heshima yote ilikuwa ya askari wa farasi. Kijana wa familia nzuri alikwenda kwenye farasi. Kwenye vifaru walikwenda wenye kupenda grisi.

Hapa sitawaficha jambo. Hobart hakuwa mtu rahisi. Alikuwa mkali, mwenye haraka, asiyeweza kuvumilia mtu mzito wa kufikiri hata kama mtu huyo ni mkuu wake. Zaidi ya hapo, alipokuwa mwalimu kwenye chuo cha maofisa huko Quetta, alimpenda mke wa ofisa mwenzake. Ndoa ile ikavunjika mahakamani, na mwaka 1928 Hobart akamwoa mama huyo. Katika jeshi la siku zile, kumchukulia ofisa mwenzako mkewe lilikuwa doa lisilofutika, na wapo wakubwa ambao hawakumsamehe mpaka mwisho. Kwa hiyo walipokuja baadaye kusema hawamtaki, hawakuwa wanasema juu ya vifaru peke yake. Nadhani tunajua wote jinsi kazi za watu zinavyohukumiwa kwa mambo ambayo hayaandikwi kwenye barua.

Tuje kwenye kazi. Mwaka 1934 alipewa brigedi ya kwanza ya kudumu ya vifaru nchini mwake. Kwenye nyanda za Salisbury akafanya jambo ambalo leo tunaliona la kawaida: aliisogeza brigedi nzima kwa sauti, kwa redio. Kabla ya redio makamanda walipunga bendera, au walituma mtu na karatasi. Hebu fikirini vifaru mia na zaidi, vumbi limefunika, injini zinanguruma, halafu mtu anapunga kitambaa. Hobart alitaka kamanda awe mbele, ndani ya kifaru chake, aone, aseme, na wote wageuke pamoja. Alifundisha mwendo wa usiku, alifundisha kupiga ukiwa unakwenda, alifundisha kupita pembeni na kutokea mgongoni mwa adui. Inasimuliwa kwamba huko Ujerumani kulikuwa na ofisa mmoja, Heinz Guderian, aliyekuwa akigharimia kwa mfuko wake tafsiri ya maandishi ya Hobart. Guderian huyo ndiye aliyepita Ufaransa na vifaru mwezi Mei 1940, mwaka uleule mwalimu wake wa mbali alipokuwa koplo usu wa mgambo.

Sasa nisimame kidogo kwenye neno. Sisi chombo hiki tumekiita kifaru. Tazameni jinsi Kiswahili kilivyoona: ngozi ngumu, uzito, na yule mnyama aendaye peke yake, akishtuka anaingia mbele bila kuuliza. Nasema kwa heshima zote kwamba kosa la Hobart wa miaka ile ya 1930 limo ndani ya neno letu. Aliamini mno kwamba vifaru vinaweza kwenda peke yao. Askari wa miguu aliwaona kama mzigo wa kuwasubiri. Vita vilikuja kuonyesha kwamba kifaru bila mtu wa miguu pembeni yake ni mnyama kipofu, kinaviziwa kwenye kichaka na kuchomwa. Kosa hili nawaomba mlishike, kwa sababu ukubwa wa mtu huyu, mimi kwa maoni yangu, uko katika jinsi alivyokuja kulivuka.

Mwaka 1938 alipelekwa Misri kuunda divisheni ya vifaru. Mkuu wa majeshi kule alimpokea kwa kumwambia kwamba hajui amekuja kufanya nini, na kwamba hamtaki. Magari yenyewe yalikuwa machache na mengine machakavu. Hobart akawatoa watu wake kambini karibu na Cairo, akawapeleka jangwani, akawaweka huko. Wakajifunza kusoma njia kwa jua na nyota pasipo na barabara. Wakajifunza kutawanyika wasionekane na ndege, na kukusanyika kwa neno moja la redio. Wakajifunza kuishi kwa maji kidogo na kutengeneza injini mchangani. Waliochoka naye walikuwa wakubwa wake. Mwisho wa mwaka 1939 iliandikwa taarifa mbaya juu yake, ikakubaliwa na Jenerali Wavell, mkuu wa majeshi ya Uingereza Mashariki ya Kati, na Hobart akaondolewa. Siku ya kuondoka, askari wake walijipanga kando ya njia wakimshangilia. Mwaka 1940 akastaafishwa.

Divisheni aliyoiacha ilipewa jina jipya, Divisheni ya 7 ya Deraya. Wengi mnaifahamu kwa jina la utani, Panya wa Jangwani. Desemba 1940 iliingia vitani dhidi ya Waitaliano, na kufikia Februari 1941, pale Beda Fomm nchini Libya, jeshi la watu kama 36,000 lilikuwa limeteka mateka 130,000. Jenerali O'Connor aliyeliongoza alikuwa ameshasema kwamba hajawahi kuona divisheni iliyofunzwa vizuri kama ile. Aliyeifunza hakuwepo.

Miezi ileile, wazee wetu wa King's African Rifles, watoto wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland, walikuwa wanatoka Kenya wakiwasukuma Waitaliano haohao. Mogadishu ilianguka Februari 1941, Addis Ababa Aprili. Babu yangu mzaa mama alikuwamo. Hakuwahi kunisimulia juu ya jenerali yeyote. Alinisimulia kiu, na miguu. Alikuwa akisema, kwenye vita wenye gari wanaona nchi, wenye miguu wanaona jiwe. Maneno yale yananirudia kila ninaposoma habari za Hobart, na mtaona kwa nini.

Haya, turudi Chipping Campden. Agosti 1940 mwandishi wa mambo ya kijeshi, Liddell Hart, aliandika gazetini kulalamika kwamba nchi inapoteza vichwa vyake. Habari zikamfikia waziri mkuu, Churchill. Tarehe 19 Oktoba 1940 Churchill akamwandikia Jenerali Dill, mkuu wa jeshi, waraka mkali. Kwa ufupi alimwambia hivi: kwamba Hobart ana wabaya wake hakumshangazi, na kwamba nchi haina uwezo wa kuwapa vyeo wale tu ambao hawajawahi kusemwa vibaya na mtu. Dill akasalimu amri. Koplo usu akawa meja jenerali tena, akapewa Divisheni ya 11 ya Deraya aiunde kuanzia mwanzo. Mwaka 1942 walijaribu tena kumwondoa, safari hii kwa sababu ya afya na umri. Churchill akakataa tena.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama mbele yenu.

Tarehe 19 Agosti 1942, alfajiri, Wakanada kama 5,000 na Waingereza kiasi walishushwa pwani ya Dieppe, Ufaransa, kuijaribu ngome ya Wajerumani. Pwani ya Dieppe haina mchanga kama wa kwetu. Ni mawe ya mviringo, makubwa, yanateleza. Vifaru vikateremka, mawe yakaingia kwenye minyororo, minyororo ikakatika. Vilivyoweza kupanda ukuta wa bahari vikakuta njia za kuingia mjini zimezibwa kwa zege. Kazi ya kulipua vile vizuizi ilikuwa ya wahandisi. Na wahandisi walitembea kwa miguu, na baruti mikononi, mbele ya bunduki za rashasha. Mnataka niwaambie kilichowapata? Wakanada zaidi ya 900 walikufa. Vifaru vilivyoteremka, hakuna hata kimoja kilichorudi.

Jeshi linaweza kuyasoma maafa kama yale kwa namna nyingi. Linaweza kusema askari hawakuwa na moyo. Linaweza kusema bahati. Mwezi Machi 1943, mkuu mpya wa jeshi, Alan Brooke, alimwita Hobart na kumkabidhi swali: ukuta wa Ulaya, yaani ngome za Wajerumani kwenye pwani, tutauvukaje? Divisheni yake mpya, ya 79, isingekuwa ya kukimbia na kuzunguka adui kama alivyoota maisha yake yote. Ingekuwa ya mashine za kufungua njia, nazo zingegawiwa kwa vikosi vya wengine. Mwanzoni alisita. Alitaka uhakika kwamba divisheni hii itapigana, haitakuwa darasa tu. Halafu akakubali, na yule mhandisi kijana wa Bengal akaamka ndani yake.

Aliichukua ile pwani hatua kwa hatua. Mtu wa miguu anatoka majini: nini kinamuua kwanza? Anafika kwenye mchanga: nini kinamuua? Anafika kwenye ukuta, kwenye handaki, kwenye nyumba ya zege? Kwa kila kifo alitaka chombo.

Majini, mtu anauawa kwa sababu vifaru vinachelewa kufika. Basi kifaru kiogelee. Ubunifu ulikuwa wa Nicholas Straussler, mzaliwa wa Hungaria: kifaru cha tani 30 na ushee kinavalishwa turubai kukizunguka, turubai linainuliwa, chombo kinaelea, na rafadha mbili nyuma zinakisukuma. Vijana wa Hobart walijifunza kukaa ndani ya chuma kile chini ya usawa wa maji, wakijua kwamba kilichopo kati yao na bahari ni kitambaa. Tarehe 4 Aprili 1944, kwenye mazoezi ya Studland Bay, bahari ilichafuka, vifaru kadhaa vikazama, na watu 6 wakafa. Nao tuwakumbuke, maana kwenye vitabu vingi wanapita haraka.

Mchangani kuna mabomu ya kutegwa. Basi kifaru kifungwe mbele yake pipa linalozunguka lenye minyororo mingi, minyororo iipige ardhi kama wanawake wanavyopura mpunga, mabomu yalipuke mbele ya chuma badala ya kulipuka chini ya mguu wa mtu. Wazo hili lilitoka kwa ofisa wa Afrika Kusini, Abraham du Toit, na vifaru vya kwanza vya namna hii viliingia kazini kwenye bara letu, El Alamein, Oktoba 1942. Mwendo wake wakati wa kupura ni wa mtoto anayejifunza kutembea, kama kilometa 2 kwa saa, mbele ya mizinga ya adui. Fikirini moyo wa dereva yule.

Mchanga wenyewe unaweza kuwa laini, kifaru kikazama. Usiku wa mwisho wa mwaka 1943, wakati wengine wanapiga vigelegele vya mwaka mpya, Meja Scott-Bowden na Sajenti Ogden-Smith waliogelea hadi pwani ya Normandy, Ufaransa, chini ya pua za walinzi wa Kijerumani, wakachimba mchanga kwa vijiti vya bomba, wakarudi nao baharini. Majaribio yakafanywa Brancaster, pwani ya Uingereza yenye mchanga unaofanana na ule. Na jibu la Hobart lilikuwa nini? Mkeka! Kifaru kinabeba juu yake mkeka mnene wa turubai uliotiwa fito, upana wake kama meta 3, kinautandika mbele yake kikienda, na wengine wanapita juu yake. Kila mama wa pwani angelielewa jibu hilo.

Handakini, kifaru kinadondosha tita kubwa la fito kikapita. Ukutani, kinaweka daraja. Penye zege, wahandisi hawatembei tena na baruti mikononi kama Dieppe. Wamo ndani ya deraya, na kifaru chao kinarusha bomu la kilo 18 ambalo askari waliliita pipa la taka lirukalo. Na kulikuwa na Mamba, kifaru cha kurusha moto, kikivuta tela la mafuta ya lita 1,800. Hicho nakitaja kwa huzuni. Moto ule ulifika zaidi ya meta 100, na Wajerumani wengi waliuona mara moja tu wakasalimu amri. Wengine hawakuwahi.

Tarehe 6 Juni 1944, siku ya kuivamia Normandy, vyombo hivi vilitangulia kwenye pwani za Waingereza na Wakanada, mpaka vingine vikagusa mchanga kabla ya askari wa miguu. Wamarekani walichukua vile vya kuogelea tu. Pwani ya Omaha, kikosi kimoja chao kiliviteremsha vifaru 29 majini, karibu kilometa 5 kutoka nchi kavu, bahari ikiwa imechafuka. Vikazama 27. Waliokuwa mchangani wakabaki na vifaru vichache, na zaidi ya watu 2,000 wakauawa au kujeruhiwa. Sitawadanganya kwamba tofauti yote ilikuwa mashine za Hobart. Omaha ina mwinuko mkali na adui pale alikuwa na nguvu zaidi. Lakini Eisenhower mwenyewe, Mmarekani na mkuu wa wote, aliandika kwenye ripoti yake kwamba kupungua kwa vifo kwenye pwani nyingine kulitokana kwa sehemu kubwa na mashine zile.

Jemadari wa nchi kavu siku ile alikuwa Montgomery, shemeji yake Hobart. Alikuwa amemwoa dada yake, Betty, mwaka 1927. Betty alikufa 1937 kwa sumu ya damu baada ya kuumwa na mdudu, na inasemekana Montgomery hakupona jeraha hilo. Wanaume hawa wawili wagumu walibaki wameunganishwa na kaburi moja.

Divisheni ya 79 iliendelea hadi mwisho: Le Havre, Walcheren, kuvuka mto Rhine Machi 1945. Ilifikia watu zaidi ya 21,000, kubwa kupita divisheni yoyote ya Waingereza. Na haikupigana hata siku moja ikiwa pamoja! Kila asubuhi ilikuwa imegawanywa, vifaru vitatu huku, vinne kule, vikimtumikia mtu mwingine aliyekwama. Yule aliyetaka vifaru viende peke yao aliishia kuongoza jeshi la vifaru ambavyo havikuwa na kazi nyingine isipokuwa kumpisha mtu wa miguu. Babu yangu angempenda Hobart huyu wa pili.

Baada ya vita alikuwa msimamizi wa Royal Hospital Chelsea, makao ya askari wazee huko London, kuanzia 1948 hadi 1953. Alifariki Farnham tarehe 19 Februari 1957.

Nimalizie na kifaru kimoja. Asubuhi ya Juni 6, mbele ya Graye-sur-Mer, njia ya kutokea pwani ilikatwa na shimo kubwa lililojaa maji. Kifaru cha wahandisi wa divisheni ya 79 kilikwenda na tita lake la fito kulijaza, kikateleza, kikazama chote. Watu sita wakatoka. Wanne kati yao wakauawa palepale mchangani. Wenzao hawakuwa na muda wa kukivuta. Wakatupa fito zaidi juu yake, wakaegemeza daraja mgongoni mwake, na vifaru na malori yakaanza kupita kuelekea ndani ya Ufaransa. Baadaye shimo likafukiwa, barabara ikapita juu. Kilikaa chini miaka 32, watu wakipita juu yake, mpaka kilipochimbuliwa mwaka 1976. Leo kimesimama palepale, hatua chache kutoka lilipokuwa shimo, kimeelekea nchi kavu.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.